Herufi Chini ya Sufuria

Firdausi hakuwa na kauli laini, na kaka yake Khalfani hakuwa na haya. Mama yao alipokaribia kufa alijirekodi kwa simu ya Firdausi, akisema shamba la mikorosho la kijijini Masaki ni la wote wawili na lisiuzwe. Khalfani alikuwa ameshampata mnunuzi. Firdausi, fundi cherehani wa mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha, akaitoa video ile simuni, akaihifadhi mtandaoni kwa nywila ya maneno manne.

Akamshtaki kaka yake kwenye baraza la ardhi, lakini kesi ikawa ya kupigwa tarehe kila kukicha. Akaogopa kuisahau nywila, na kuiandika wazi asingethubutu, maana Khalfani alizoea kuingia kwake bila hodi. Basi akaivuruga. Kila herufi aliisogeza mbele katika alfabeti, akihesabu hatua kwa herufi za jina alilompa mtoto wake aliyezaliwa mfu: A hatua moja, B mbili, hivyo hivyo. Jina hilo hakupata kumtajia mtu. Herufi alizozipata akazichonga kwa msumari chini ya sufuria mbili, kama wanawake wanavyotia alama vyombo visipotee shughulini. Moja akabaki nayo, nyingine akampelekea shangazi yake Mwamini huko Chole.

Siku moja alitoka kisimani akamkuta Khalfani jikoni, sufuria imepinduliwa, na simu ya Firdausi mkononi.

“Nimeandika takataka zako hizi, haifunguki! Maana yake nini?”

“Hata salamu, kaka? Weka chombo changu chini.”

“Mama alikuwa mgonjwa, hajui anachosema. Nifungulie niifute!”

“Herufi si unazo? Fungua.”

Khalfani akaipigiza simu sakafuni, akaondoka na sufuria. Kwa wiki nzima alizunguka nayo Kibaha kwa vijana wa kompyuta. Walikula hela yake, naye asiambulie kitu.

Siku ya baraza ilipokaribia, nywila ilikuwa imeshamtoka Firdausi kichwani, akaenda Chole. Shangazi akamwaga maharage kwenye bakuli, akampa sufuria bila kuuliza. Firdausi akazirudisha herufi nyuma moja moja, na jina lile likamliza kimyakimya.

Barazani akaifungua video kwa simu ya kuazima, na sauti ya mama ikasikika hadi nje. Shamba likazuiwa kuuzwa.

“Umenidhalilisha mbele za watu,” Khalfani akafoka mlangoni. “Ukifa, nisiitwe.”

“Na wewe vilevile,” Firdausi akajibu.

Sasa kila mmoja huokota korosho upande wake. Khalfani akipita na pikipiki hageuzi shingo, na Firdausi hamwiti.