Jinsi Tulivyoiharakisha Kompyuta ya Mwalimu Mbonea

Siku yangu ya kwanza kazini sikuona kompyuta, wala sikujua kama kuna kitu cha namna hiyo duniani. Niliona taipureta. Ilikuwa ofisi ya shamba la mkonge chini ya milima, upande wa Hedaru, na mimi nilikuwa binti niliyeshuka kutoka Ngujini na gauni moja la kutokea na cheti cha upigaji chapa. Karani Mkuu, mwanamume mrefu mwenye sauti ndogo, hakunipa hata barua moja ya kuchapa. Alinipa brashi na kopo la mafuta ya taa, akaniambia nisafishe herufi za ile mashine moja baada ya nyingine kisha nimwite. Nilinung'unika moyoni, maana nilisomea kuchapa, si kuosha vyombo.

Ilikuwa miaka ya dhiki. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, na utepe wa taipureta haukuwa hata na foleni kwa sababu haukuwepo. Utepe ukikauka tuliulowesha kwa wino wa mhuri na tone la mafuta, tukauanika kivulini, ukarudi kazini mpaka utoboke. Kaboni, yaani ile karatasi nyeusi ya kutolea nakala, tuliitumia hadi ukiinyanyua unaona mkono wako upande wa pili. Kubwa kuliko yote ilikuwa stensili, karatasi yenye nta ambayo herufi huitoboa ili wino upite. Ukikosea herufi moja unaziba kwa dawa nyekundu, unasubiri ikauke, unarudia kwa kuvizia. Ukikosea tena, Karani Mkuu anakuja kusimama nyuma yako bila kusema neno, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu.

Halafu zikaja zama za ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka yakajaa, mitumba ikamwagika hadi Hedaru, na sisi wa shambani tukapunguzwa kazi. Mkonge haukuwa na bei na wakubwa hawakuona tena haja ya wapiga chapa. Nilihamia Same mjini na begi langu, nikaajiriwa na mfanyabiashara mmoja tuliyemwita Bwana Mkurugenzi, ingawa alichokiongoza ni chumba kimoja karibu na stendi. Alikuwa akiuza nguo za mitumba, sasa akawa ameleta kompyuta za mitumba. Akanikalisha mbele ya mojawapo na kuniambia nichape jina langu.

Nilichapa. Kwa woga nikakosea. Fundi Mkuu wa pale, ambaye ndiye angekuwa bosi wangu kwa miaka mingi, alinyoosha kidole akabonyeza kitufe kimoja, na ile herufi mbaya ikaondoka. Haikuacha doa wala tundu. Nilikitazama kile kioo nikahisi machozi, na sioni aibu kulisema hilo. Fikiria mtu aliyeziba stensili kwa dawa nyekundu ujana wake wote, leo anaona kosa linaondoka kama halikuwahi kuwepo. Nilimwomba anioneshe tena, naye akanionesha mpaka akachoka.

Fundi Mkuu asili yake ilikuwa Kigoma. Baba yake alikuja kukata mkonge, naye akazaliwa kambini, akakua akifungua redio za watu. Ndiye aliyenitoa kwenye kuchapa akanitia kwenye ufundi. Wateja wetu wengi walikuwa watu waliotumiwa kompyuta kuukuu na watoto wao walioko Dar es Salaam au ng'ambo, na malalamiko yao yalikuwa yaleyale: mashine imekuwa nzito. Unaiwasha, unakwenda kukamua ng'ombe, unarudi bado inajifikiria. Fundi Mkuu aliniambia maneno ambayo mpaka leo nayasema mimi mwenyewe.

"Mashine haizeeki kama sisi, Bi Mfinanga. Inaelemewa. Kabla hujamwambia mtu anunue nyingine, jua kwanza imebeba nini."

Basi nikajifunza kuangalia mizigo. Kuna vumbi, ambalo huiziba feni na kuipandisha mashine joto mpaka inaganda. Kuna programu zinazojiwasha zenyewe asubuhi, hata zile ambazo mwenye nyumba hajui zipo. Kuna diski, ghala la mashine, ambalo likijaa hadi mlangoni halina pa kugeukia. Na kuna kumbukumbu ya muda, ambayo sisi mafundi tunaiita ramu. Hiyo ndiyo iliyowasumbua wateja wengi kuielewa, lakini watu wa milimani niliwaeleza kwa ndiva, lile bwawa letu la kukusanya maji ya mfereji kabla ya kuyafungulia mashambani. Ndiva ikiwa ndogo, shamba linasubiri hata kama mto umejaa. Walinielewa mara moja, na wengine walitaka kujua kwa nini waliotengeneza mashine hizo hawakuchimba ndiva kubwa tangu mwanzo.

Sasa niwaeleze kazi moja, maana kazi nyingine zote nilizofanya nazipima kwa hiyo.

Mwalimu Mbonea alikuwa mwalimu mkuu mstaafu kule Mamba, milimani juu ya Same. Binti yake alimtumia kompyuta, naye akaifanyia kazi ambayo hakuna aliyemtuma, kukusanya maneno ya Chasu, lugha ya Wapare, hasa yale ambayo vijana hawayasemi tena. Kisha macho yakaanza kumwacha. Daktari wa Moshi alimwambia ni presha ya macho, kwamba dawa itachelewesha tu, na kama ana jambo la kuliona alione sasa. Wakati huohuo kompyuta nayo ikawa haifunguki vizuri. Kila asubuhi nguvu ya macho yake, ambayo ilikuwa ya saa chache tu, iliishia kwenye kusubiri. Mke wake alishuka Same mwenyewe kutueleza, na alipokuwa akieleza alivuta kanga yake akaikunja na kuikunjua. Fundi Mkuu akanituma mimi.

Nilipanda na Landrova ya abiria siku ya Ijumaa, nina bisibisi, brashi, disketi za kuhifadhia na kipande cha ramu tulichokitoa kwenye mashine iliyokufa. Kompyuta niliikuta sebuleni imevikwa kitambaa cha kufuma kwa uzi, kimefunika mpaka matundu ya hewa. Mama Mwalimu alikifuma mwenyewe, kwa heshima. Nilikitoa taratibu nikakikunja vizuri, kwa sababu kitu cha watu hukitupi pembeni. Ndani ya kasha kulikuwa na vumbi jekundu na masizi ya kuni yaliyogandamana kama ukoko wa ugali. Nilipiga brashi, nikapuliza kwa pampu ya baiskeli ya jirani, nikapachika ile ramu. Mpaka hapo nilijiona bingwa.

Nilipoingia kwenye diski nikakuta imejaa kabisa. Kulikuwa na michezo ya wajukuu, na kulikuwa na mafaili mengi sana yenye majina ya watu: Nakundwa, Nakundwa na namba, Nakundwa na namba nyingine, Senkondo vivyo hivyo, Mgonja vivyo hivyo. Michezo ile ilikuwa na kawaida ya kuhifadhi kila mchezaji kwa jina lake, nami nikajua hao ni wajukuu wanaoshindana. Lugha ya kwetu ni Kigweno, Chasu ninakisikia kwa mbali, na yale niliyoyachungulia ndani hayakunisemesha kitu. Niliyachagua yote kwa mkupuo, yakawa tayari kufutwa. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika.

Mama Mwalimu akaja akasimama mlangoni. Nje jua lilikuwa linagusa ukingo wa milima.

"Mwanangu, Sabato imeingia," alisema. "Hiyo iache hivyo hivyo."

Wao ni Waadventista. Jua la Ijumaa likizama, kazi inalala mpaka jua la Jumamosi lizame. Mimi ni Mlutheri, na nilikuwa na haraka zangu. Nikamwambia kwa adabu kwamba kazi imekwisha, bado kubonyeza kitufe kimoja tu.

"Kitufe nacho ni kazi," akasema, na akaniletea maji ya kunawa.

Ugenini unafuata ya wenyeji. Nililijibu lile swali la mashine hapana, nikaizima, nikala makande nikalala nimenuna kidogo.

Jumamosi nilikwenda nao kanisani. Baada ya ibada Mwalimu alinishika mkono, mimi nikiwa macho yake kwenye ngazi, akawa ananipeleka kwa wazee wenzake waliokaa ukutani wakiota jua. Nikaamkia shikamoo, nikaitikiwa marahaba. Wa kwanza akasema jina lake ni Nakundwa. Bibi kizee huyo meno hana, anacheka kwa mwili mzima. Wa pili Mzee Senkondo. Nikamuuliza Mwalimu kama ndio hao walioko kwenye kompyuta.

"Ndio hao," alisema. "Mtu akinipa maneno nayaweka kwenye jina lake. Siwezi kuyachanganya na ya mwingine, neno lina mwenyewe. Mgonja alishafariki. Mama yangu naye alishafariki. Wamebaki mle."

Nilikaa chini palepale kwenye nyasi. Sijui niieleze vipi hofu ile. Haikuwa hofu ya kuadhibiwa, kwani hakuna aliyejua. Nilimtazama Bibi Nakundwa akicheka na jua usoni, nikawaza kwamba jana nilikuwa naye chini ya kidole changu, yeye na wafu pamoja, na kilichowaokoa ni jua kuzama kwa saa yake. Nimeona mambo mengi ya kushangaza katika mashine, lakini sijawahi kushangaa kama siku ile, na mshangao wenyewe ulikuwa na baridi.

Namba nazo alinieleza. Umeme wa mlimani ulikuwa unakatika ovyo, kwa hiyo kila alipoongeza maneno alihifadhi nakala mpya na ya zamani hakuigusa. Nikamwelewa, maana hata mimi nilifundishwa hivyo na Karani Mkuu: nakala safi haiguswi. Sisi watu wa karatasi tulikuja na karatasi zetu mpaka ndani ya kompyuta, na ndizo zilizoielemea.

Jumapili asubuhi tulifanya kazi pamoja, yeye pua kwenye kioo, mimi kwenye kipanya. Tulichukua jina moja moja, tukafungua nakala ya mwisho, akahakiki, tukaihifadhi kwenye disketi mbili, moja yake na moja ya kwenda kukaa kanisani. Ndipo akaniruhusu kufuta zile za nyuma. Kila moja aliiruhusu kwa kutikisa kichwa. Michezo ya wajukuu aliiruhusu bila kutikisa chochote. Kisha nikaiamuru mashine irekebishe diski na kuipanga upya, yaani ikusanye vipande vya kila faili vilivyotawanyika na kuvikalisha pamoja. Wakati ule kazi hiyo ilionekana kwenye kioo, vijumba vidogo vya rangi vikihama safu hadi safu. Majirani waliingia kuangalia, wakajaza sebule. Walikuwa wanaangalia kama watu wanaotazama mvua inavyokuja bondeni.

Mwisho nikazima, nikawasha. Mwalimu alikuwa ameanza kujinyanyua, kwa mazoea, akaangalie ng'ombe. Nikamwambia akae, imeshafunguka. Alikaa. Hakuamini mpaka alipoligusa jina la mama yake, faili ambalo kwa miezi mingi likiguswa tu mashine inaganda, nalo likafunguka hapohapo. Akaanza kusoma kwa sauti, neno na maana yake, neno na maana yake, na Mama Mwalimu akashika mdomo wake kwa mikono miwili.

Nimestaafu sasa. Vijana mnaniletea kompyuta zenu mkisema ni nzito, mnataka niwaambie mnunue gani mpya. Nawajibu kama nilivyofundishwa, kisha nawauliza majina yaliyomo ni ya nani, na wengine mnaniona bibi msumbufu. Nikubalini hivyo hivyo. Katika kazi hii kufuta ni rahisi kuliko kitu chochote, na mimi niliyelia kwa furaha nilipoona herufi ya kwanza ikifutika ndiye ninayewaambia muulize kwanza.

Mwalimu alimaliza. Alishuka Same na mke wake kuja kuchapisha kwenye mashine yetu, na macho yalikuwa yamemwachia mwanga wa dirisha tu. Karatasi zilipotoka alizipokea zikiwa na joto, akazipapasa, akanirudishia. Akasema maneno anayajua, nimsomee majina ya waliotoa. Nikasimama katikati ya chumba, Fundi Mkuu akazima redio.

"Nakundwa," nikasoma. Naye alikuwa ameshafariki mvua zilizopita.

Mwalimu alinyoosha mgongo kwenye kiti kama mtu aliyeko mbele ya darasa lake, asubuhi, akiita mahudhurio.

"Yupo," alisema.

"Senkondo."

"Yupo."

"Mgonja."

"Yupo."

Nikafika kwa mama yake, nikashusha karatasi. Akalitaja jina lile yeye mwenyewe, na chumba kizima tukaitikia.

"Yupo."