Upele wa Mpakani

Nilipokuwa na miaka tisa nilifungiwa chumbani kwa Bibi siku kumi na moja kwa kosa la kujikuna. Nasema kosa, maana hivyo ndivyo nyumba yetu ya Uru, mlimani juu ya Moshi, ilivyolichukulia. Vipele vilianza katikati ya vidole, vikahamia kwenye vifundo vya mikono, kisha kiunoni, na usiku nikishapata joto la blanketi nilijikuna mpaka damu. Mama alidhani nimeambukizwa kitu shuleni. Bibi, mama yake baba, aliishika mikono yangu, akaigeuza mara moja tu, akakata shauri.

"Huyu amekata sale ya mtu," alisema.

Sale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mpakani, pale kihamba chetu cha migomba na kahawa kinapokutana na cha jirani. Haung'olewi wala haukatwi ovyo. Nyumbani kwetu tuliambiwa kwamba ukiharibu mpaka wa mwenzako, ardhi yenyewe itakuwasha mwilini hadi useme. Na tiba yake ni sale hiyohiyo: unafunga fundo kwenye jani lake, unampelekea uliyemkosea, naye hawezi kukunyima msamaha. Ni mila nzuri na bado naipenda. Tatizo lake moja ni kwamba inahitaji mkosaji, na mimi sikuwa nimekata chochote.

"Utakaa humu mpaka useme," Bibi aliniambia. Mama alikuwa mkwe, na mkwe wa Bibi hakuwa na sauti katika mambo hayo. Alileta chakula, akanitazama kwa huruma, akaondoka.

Chumba kile kilikuwa na kitanda kimoja, magunia mawili ya kahawa, picha ya Bikira Maria na dirisha la ubao lililofunguka upana wa kiganja tu. Usiku Bibi alilala nami kama siku zote, akinikumbatia nisijikune. Asubuhi alinipaka samli, akaniuliza tena, nikalia tena. Nilimpenda Bibi, ndiyo maana ilikuwa ngumu hivyo. Kama angekuwa mkali tu ningemchukia na mambo yangekwisha.

Kupitia ule upenyo wa dirisha nilimwona Resti, rafiki yangu wa nyumba ya pili, akisimama upande wao kwenye mibuni. Hakunipungia mkono. Alinitazama kidogo, akageuka. Nikajua kwamba hata yeye ananiona mwizi wa mipaka.

Kilichonivunja ni Komunyo ya Kwanza. Ilikuwa imebaki kama wiki tano hivi, gauni langu jeupe lilikwisha shonwa, na katekista alikuwa ametutangazia kwamba atakayekosa vipindi vitatu vya mafundisho atasubiri mwaka mwingine. Nilikuwa nimekosa viwili. Siku ya kumi na moja, saa chache kabla ya kipindi cha tatu, nilimwita Bibi.

"Nimekata sale ya kwa akina Resti," nikasema. Nilitaja kwao kwa sababu ndiko pekee kulikoonekana kutoka dirishani.

Bibi alikwenda mpakani kuangalia. Aliporudi uso wake ulikuwa umelegea kwa nafuu. "Kweli imekatwa. Imebaki kisiki tu. Ahsante Mungu, mwanangu, umesema."

Nilikuwa nimesema uongo mtupu, na huko nje uongo wangu umekutwa ni kweli. Siku nyingi baadaye nilijiuliza kama huenda niliikata nikasahau.

Jioni ileile Bibi alinishika mkono, jani la sale lenye fundo mkononi mwake, tukaenda. Nilisema, "Shikamoo, Mama Resti," na mengine yote Bibi akanisemea. Mama Resti alilipokea jani, akanitemea mate ya baraka kifuani, akanikumbatia, akanipakata kama mtoto mchanga huku akininywesha mtori wa ndizi. Bibi akaongeza la kwake:

"Alale hapa leo na Resti, kitanda kimoja. Tuone kama kuna kinyongo."

Tukalala. Blanketi moja, mikono imefungamana kama tulivyoagizwa.

Kuanzia hapo nilikuwa huru, lakini uhuru gani ule! Kuwashwa hakukwisha. Ila nikijikuna mbele ya watu ningerudishwa chumbani, kwa hiyo nilijikuna chooni, nikajikuna migombani, na mezani nilikalia mikono yangu. Bibi aliwaambia majirani kwamba nimepona, nami nilikuwa ushahidi wake.

Wiki ile ya Komunyo, Resti akaanza. Vidole, kiuno, vilevile. Mama yake alikuja kwetu amefura. "Tumetoa msamaha kwa moyo mweupe, sasa adhabu imehamia kwetu?" Kisha akamfungia Resti ndani, naye akamuuliza lile swali la Bibi. Resti hakukiri kosa lolote.

Jumapili nilipanda altareni na gauni langu, mikono mirefu imefunika vipele, ngozi ikiwaka moto, nafasi ya Resti kwenye benchi ikiwa wazi kando yangu. Sikumbuki sala hata moja. Nakumbuka nilivyojizuia kujikuna, na aibu niliyokuwa nayo.

Jumatatu Mama Resti alimpeleka zahanati. Kesho yake nesi alipanda mwenyewe hadi kwetu, akataka kuona mikono ya kila mtu.

"Ni upele," alisema. "Kuna wadudu wadogo sana, huwaoni kwa macho, wanachimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Nyumba zote mbili, kila mtu apakwe dawa hii siku moja, shingoni mpaka nyayoni. Na matandiko yachemshwe."

"Mimi si mtoto," Bibi alisema.

"Bibi, naomba nione kwapa."

Bibi alikuwa akijikuna tangu alipotoka kumuuguza dada yake kule Machame, muda mrefu kabla yangu. Alidhani ni joto la uzee, akanyamaza. Wadudu wale nilipewa kitandani, katika mikono yake iliyonishikilia nisiumie. Alipakwa dawa akiwa amefumba macho, na suala la sale hakulitaja tena hadi alipofariki.

Siku hizi nina duka dogo la dawa Moshi mjini. Mtu akija kununua chupa moja ya dawa ya upele kwa ajili ya mtoto mmoja, namuuliza nyumbani wanalala wangapi. Wengi hukasirika, wanaona nataka kuuza. Nawaacha wakasirike, lakini naendelea kuuliza.

Desemba iliyopita nilipanda nyumbani kwa Krismasi. Resti alikuja kutoka Sanya Juu alikoolewa, tukakaa nyuma ya jiko kumenya ndizi. Nilikuwa na umri wa kutosha kuacha uoga, nikamwambia: sale ile sikuikata, nilidanganya ili nitoke, na ugonjwa nilikupelekea mimi.

Aliendelea kumenya.

"Niliikata mimi, Feli," alisema. "Kamba ya majani ya ng'ombe ilikatika, nikaona sale iko karibu, nikaikata nifungie mzigo. Nilipokuona pale dirishani nilijua unaumwa kwa ajili yangu. Nikaogopa kusema. Halafu nilipoanza kuwashwa nikaona sawa, zamu yangu. Ndiyo maana sikulilia hata Komunyo."

Nikamweleza kwamba Bibi ndiye aliyeuleta upele kutoka Machame. Hakuna aliyetuuliza tunawashwa tangu lini, au nani mwingine nyumbani anajikuna. Walituuliza tumefanya nini, na sisi, watoto watiifu, kila mmoja akatafuta jibu lake na kulibeba peke yake, nyumba na nyumba, miaka yote hii.

"Kwa hiyo hakukuwa na kosa lililotuwasha?" Resti aliniuliza.

"Hakukuwa."

Aliweka kisu chini, na hapo ndipo alipolia.