Godana na Panya Wake Waoga

Mpaka sasa sijakubali. Tangu Jumanne nafungua simu nikitegemea kukuta "Zena, umeosha mikono?" na haipo.

Godana wetu wa Garsen ametutoka. Alienda nyumbani kumwona mamake, pikipiki aliyopanda ikagongana na lori karibu na Minjila. Alizikwa jioni ya siku hiyo hiyo.

Kwa msiomjua: tulifanya kazi lab moja huku Nairobi, tukichunguza woga wa panya. Ndiyo, woga! Kwa nini panya mmoja anatoka gizani na kutembea penye mwanga, na mwenzake anajibanza pembeni siku nzima. Na hofu hiyo, ni kiasi gani amezaliwa nayo kwenye jeni.

Watu walimcheka. Mwana wa wafugaji wa Kiorma, kwao ng'ombe zizi zima, ameenda kusomea panya! Naye alicheka kuliko wao.

Siku yangu ya kwanza nilimshika panya mkia, kama nilivyoona kwenye video. Godana akanipokonya polepole. "Hata ng'ombe, humvuti mkia halafu utake akuamini." Akakunja viganja viwili kama anayechota maji, panya akapanda mwenyewe.

Sasa kisa cha udi, alichonitania nacho mpaka mwisho. Nilitoka harusini kwetu Kipini, nikarudi kazini na nguo zilizofukizwa siku tatu mfululizo. Asubuhi hiyo panya wote waliganda. Wote, hata wale tuliowaita majasiri! Mimi nikadhani nimepata matokeo makubwa, mbio nikamwita supervisor.

Godana aliingia, akanusa mara moja. "Zena, hii si jeni. Hii ni harusi."

Nilitaka kufuta data nijifiche. Akakataa katakata. Alinisimamia mpaka nikaandika kwenye daftari kwamba mtafiti alikuja amejifukiza udi, ili atakayekuja nyuma yangu asipotee. Wacha niseme ukweli, siku hiyo nilimchukia.

Baadaye ndipo nilipojua kwa nini alijali hivyo. Ni mamake. Tangu mafuriko yabebe nyumba yao, mawingu yakikusanyika tu, mama anafunga nguo na sufuria kwenye shuka na kukaa mlangoni. Dadake Godana alizaliwa baada ya maji kuondoka, hakuyaona, lakini naye mvua ikianza anatetemeka. Jirani mmoja anasema ni damu. Mwingine anasema mtoto amemuiga mama. Na wapo waliosema wanajifanya. Hao ndio waliomuuma Godana.

Babake alikuwa na desturi ya kumtoa ndama wa ng'ombe mwoga akanyonye kwa ng'ombe mtulivu, aone atakuwaje. Godana akalileta hilo lab. Watoto wa panya waoga walelewe na mama mtulivu, na wa mtulivu walelewe na mwoga, wakikua tuwapime. Wakifuata waliowazaa, basi damu ina uzito. Wakifuata waliowalea, malezi nayo yana lake.

Lakini hakuwa mtu wa kurukia mambo. Aliniambia, "Panya hawezi kumsemea mamangu. Anatuonyesha tu pa kuanzia kutafuta."

Kundi la mwisho la watoto alilibadilishia mama yeye mwenyewe, Jumatatu asubuhi, kabla ya kupanda basi. Vitoto vyekundu, macho bado hayajafunguka. Habari za kifo zilipofika, supervisor alituambia, asipopatikana wa kuwasimamia kufikia Jumatatu hii, panya wataondolewa na kazi ya Godana itaishia hapo.

Nilienda Garsen nikakaa na mamake. Siku ya khitma shangazi yake Godana alipitisha chetezo cha udi, kila mtu anajifukiza, mimi nikarudi nyuma. Mama akaniuliza kuna nini, kwa Kiswahili chake cha Kiorma.

"Mama, nikirudi huenda nikawashika panya wa Godana. Harufu inawatisha."

"Hiyo panya naogopa udi?"

"Sana, mama."

Akaniangalia. Kisha akainuka, akakichukua kile chetezo kwa mkono wake na kukitoa nje. Shangazi alibaki mdomo wazi. Mama akarudi akakaa karibu yangu.

"Godana napata jibu?"

"Bado."

"Basi wewe maliza. Mimi nataka kujua."

Sikusema "huenda" tena. Pale pale, kabla sijaondoka mkekani, nilimwandikia supervisor: panya wa Godana ni wangu, asiwaguse mtu.

Kwa hiyo sikiza, Godana. Nguo zote nimezifua mara mbili kwa sabuni isiyo na harufu. Buibui niliyovaa matangani nimeiacha kwa binamu yangu, haingii lab. Jumatatu saa moja asubuhi niko mlangoni. Vitoto vyako nitavishika kwa viganja. Nikikosea nitaandika, hata kama ni aibu. Na jibu likipatikana, liwe lolote, wa kwanza kulisikia ni mamako, kabla ya jarida lolote.

Naogopa, nisikufiche. Hii kazi ilikuwa yako na mimi nilikuwa mtu wa kukupokea vizimba tu. Lakini nitaifanya, wallahi nitaimaliza.

Lala bila hofu, ndugu yangu. Mikono nimeosha.