Miguu ya Uyoga

Duka langu la saruji na mabati pale Konde nimelijenga mwenyewe, na shule niliishia darasa la nne. Nasema hivi ujue mimi si mtu wa kubabaishwa. Uyoga nao naujua. Mama alinifundisha tangu mdogo, kwenye miti ya mivinje ya upande wa Kiuyu: ule wa kahawia unaochomoza baada ya mvua, chini ya yale majani membamba kama sindano, ndio kitoweo. Wenye kikombe mguuni ni sumu, uache hapo hapo.

Masika haya nilikwenda na kisu kipya. Nikaukata juu juu, hata chembe ya mchanga haikuingia kikapuni. Mke wangu akaupika kwa tui. Mama, ambaye sasa haoni, akatangulizwa sahani, ndiyo heshima yake. Alikwisha kula nusu alipouliza:

"Mbona sikupewa niushike kabla haujapikwa? Miguu yake iko wapi?"

"Imebaki kule, mama. Nimekata kwa kisu."

"Kwa kisu! Kwani ulikuwa ukinyoa?" Akasukuma sahani. "Na hicho kikombe ungekionaje, nacho kimo mchangani?"

Mke wangu akanitazama. "Si ulisema unajua wewe?"

Nikapanda pikipiki mbio mpaka mivinjeni. Mimi, tajiri wa mabati, nikapiga magoti napekua mchanga kama kuku, nang'oa vishina nilivyoviacha. Kila kimoja nilikigeuza. Kikombe sikukiona, lakini macho yangu sikuyaamini tena. Mahali pamoja ng'ombe walikwishapaponda, sikupata kitu.

Nikarudi navyo nyumbani, mama akavipapasa kimoja kimoja. "Mzima. Huu nao mzima. Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote niliyopata."

"Sikukuuliza ulichopata."

Nikamweleza habari ya ng'ombe. Akaomba maji atawadhe.

"Twende hospitali, mama."

"Tumbo langu kimya. Likisema nitakwambia."

Gari nikaliegesha mlangoni, funguo mkononi. Akikohoa, nasimama. Akinyamaza, nasimama vilevile. Duka halikufunguliwa, simu zikalia mpaka zikachoka.

Asubuhi ya pili yake aliitisha chai, akanigombeza kuwa sukari haitoshi. Nikaongeza kijiko, nikamwaga nusu mkekani.

"Hata sukari unaikata juu juu," akasema, akanywa.