Pete ya Tumboni na Sharubati ya Bibi

Mie ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka mingi nilikuwa mnene wa kuheshimika. Watoto wa darasa la tatu walikuwa wanajua nakuja kabla sijafika mlangoni, kwa jinsi nilivyokuwa nahema. Wala sikujali. Huku kwetu Segerea mjane akinenepa watu wanasema ametulia. Akikonda, wanaanza kunong'ona. Kilichonitoa kwenye unene si urembo, ni magoti. Siku moja kengele ililia nimekaa kwenye kiti cha darasani, nikashindwa kuinuka. Walikuja walimu wenzangu wawili kunivuta, huku watoto wanahesabu kwa pamoja, "Moja! Mbili! Tatu!" Nilirudi nyumbani nimenuna, na wiki hiyohiyo nikaenda kumwona daktari.

Daktari akaniambia kuna pete. Ni pete ya mpira, wanakufunga juu ya tumbo la chakula kwa upasuaji, chakula kinapita kidogokidogo na unashiba mapema. Chini ya ngozi wanakuwekea kitufe. Wakitaka kuikaza pete wanaingiza maji kwa sindano kupitia kitufe hicho, wakitaka kuilegeza wanayatoa. Nikakubali palepale. Lakini sikumwambia mtu. Shuleni nilisema nakwenda kutolewa kidole tumbo. Dada yangu mkubwa, fundi cherehani wa Manzese, nikamwambia kidole tumbo. Mwanangu wa pekee, naye kidole tumbo. Jamani, niliona aibu! Mwanamke mzima, mwalimu, ameshindwa kujizuia na chapati mpaka afungwe!

Daktari alinieleza yote yatakayonipata, ila nilimsikiliza kama wanafunzi wangu wanavyonisikiliza mie Ijumaa mchana. Kumbe tabu ya pete si kula, tabu ni kunywa. Asubuhi tumbo linaamka limebana. Unapiga funda moja la maji, linashuka mpaka hapa kifuani, linakaa. Huna uhakika kama litaendelea na safari au litarudi lilikotoka. Maji ya baridi ndiyo kabisa hayataki. Soda niliiaga. Kula huku unakunywa hairuhusiwi, kwa hiyo nilikuwa nakula kikavu, halafu nakaa nusu saa naitazama glasi. Na kiungulia, mama yangu weee! Nikiinama kuokota chaki, moto unapanda mpaka kooni. Ikabidi chaki ziokotwe na viranja.

Nikajifunza ujanja mmoja: kinywaji kikiwa vuguvugu, na nikinywa kwa kijiko kidogo cha chai, kinapita. Nilikuwa najifungia chumbani na kikombe changu na kijiko changu, ili mwanangu asinione. Mwaka ukapita hivyo. Nikapungua, magoti yakanyamaza, na siri yangu ikatulia.

Ndipo mwanangu akaleta habari ya mchumba. Niseme ukweli, nilifurahi mpaka nikaogopa. Alishakataliwa kwingine, akakaa miezi kama mgonjwa, anakula anaacha, anaongea anaishia njiani. Sasa alikuwa amependa tena, safari hii binti wa familia ya Waarabu wa Temeke, watu wa duka la vitambaa tangu enzi za babu zao. Wazee wetu wa kiume walipeleka barua ya posa, ikajibiwa vizuri. Kikabaki kitu kimoja tu. Bibi yake binti, mwenye neno la mwisho katika nyumba ile, alitaka kumwona mama wa kijana kwa macho yake.

"Anasema barua kaisoma, sasa anamtaka aliyemzaa," mwanangu aliniambia. "Mama, nakuomba. Wakikupa kitu pokea, wakikuuliza jibu. Usiende na ukali wako wa shuleni. Bibi akikataa, mie basi tena."

Nikamwambia aniachie mie kazi hiyo.

Dada akanishonea gauni la safari. Alipokuwa ananipima nikamwambia, "Hapo kiunoni punguza zaidi, mpaka siku hiyo nitakuwa nimekonda."

"Una uhakika?"

"We shona bwana."

Jumatano gauni likaja, zipu ikapanda mpaka katikati ya mgongo ikagoma. Safari ilikuwa Jumamosi. Mtu mwenye akili angelirudisha Manzese likafumuliwe mishono. Mie nilikwenda kwa daktari, nikamwomba akaze pete. Akaniuliza kuna haraka gani. Nikamdanganya kwamba siku hizi nakula mno. Akaongeza maji kwenye kitufe, akanionya kwamba nikiona hata maji hayapiti, nirudi haraka. Alhamisi maji yakawa hayapiti vizuri. Ijumaa kiungulia kikanishika hata nikiwa nimesimama. Jumamosi zipu ikapanda mpaka juu, na mie nikajiona mshindi. Mjinga mie!

Tukapanda bajaji, mie na dada, mpaka Temeke. Tukapokelewa na mama wa binti, mwanamke mpole wa rika langu, akatukaribisha sebuleni kwenye makochi. Pembeni ya kochi langu kulikuwa na kopo kubwa la maua yenye majani mapana. Mbele yetu, juu ya busati, ndipo alipokaa bibi. Alikuwa mdogo wa umbo, kajitanda mtandio mweupe, na macho yake yalinipima mara moja tu yakamaliza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibuni, jisikieni mko kwenu."

Sinia likaja. Tende, kaimati, na jagi la sharubati ya ukwaju iliyojaa barafu. "Bibi kaitengeneza mwenyewe tangu asubuhi," alisema mama wa binti, "hakutaka mtu amsaidie." Ukwaju mkali kwa mtu mwenye kiungulia, na barafu kwa mtu aliyekazwa pete juzi!

Dada alimaliza yake kwa mafunda matatu akasema alhamdulillah. Mie nikapiga funda moja. Likashuka, likafika pale pake, likasimama. Mate yakaanza kunijaa mdomoni.

"Marehemu mumeo alikuwa mtu wa wapi?" bibi akaniuliza.

Nikatikisa kichwa.

"Nakuuliza wa wapi, unaniitikia kwa kichwa?"

"Wa Bagamoyo, mama," dada akadakia, huku ananikanyaga mguu.

Baada ya muda funda likapita, nami nikapata sauti. Tukaongea mambo ya shule, mambo ya mwanangu. Lakini bibi alikuwa haniangalii mie, anaiangalia glasi yangu, na glasi ilikuwa imejaa vilevile.

"Mbona hunywi, mwanangu?"

"Nakunywa, mama. Taratibu."

Mwishowe bibi akasema wakamlete binti atusalimie, akainuka kwenda ndani pamoja na mama wa binti. Dada akatoa simu yake akaiinamia. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nikaigeuza glasi nzima kwenye lile kopo la maua. Nilijiambia udongo utanyonya, na hakuna atakayejua.

Hapakuwa na udongo. Yalikuwa maua ya plastiki! Ndani ya kopo mlikuwa na vijiwe vya rangi, na kopo lenyewe lilikuwa limepasuka chini. Nikaiona sharubati inatokea taratibu, ya kahawia, inatambaa kwenye sakafu na kuingia kwenye busati, inaelekea kulekule alikokuwa amekaa bibi. Nikasukuma mkoba wangu kwa mguu niizibe. Ikauzunguka.

Binti akaingia, mzuri kweli, peku, kainamisha kichwa kwa adabu, bibi na mama yake wakimfuata nyuma. Akapiga hatua tatu akasimama. "Bibi," akasema, "hapa pamelowa."

Bibi akatazama busati. Akatazama kopo. Akatazama glasi yangu tupu.

"Mdogo wangu," dada alininong'oneza, "una wazimu?"

Huku kwetu, ukikataa kunywa kwa mtu umemwambia kwamba unamwogopa. Ukipokea halafu ukamwaga kwa kificho, ndiyo umemwita mchawi mbele ya wajukuu zake. Hilo nalijua tangu utotoni, na bado nililifanya. Bibi hakupiga kelele. Alichukua glasi yangu, akaijaza kutoka kwenye jagi, akainywa yote huku ananiangalia. Kisha akaifudikiza glasi kwenye sinia.

"Nimekunywa mie," akasema. "Kama nimetia kitu, nife mie, nyie mwende zenu salama. Miaka yote niliyokaa mtaa huu hajatokea mtu wa kumwaga kinywaji changu. Sasa mjukuu wangu nimpeleke kwa mama asiyeuamini mkono wangu?"

Nilimwona mwanangu machoni pangu vile alivyokuwa miezi ile, sahani mbele yake, haigusi. Nikafungua mdomo nijitetee. Kilichotoka kwanza si maneno. Nilicheua, mbele ya wakwe, mcheuo mrefu uliokuwa umekaa kifuani tangu Alhamisi, na machozi yakafuatia.

"Mama, wallahi si uchawi," nikasema. "Ni pete."

"Pete gani?"

"Nimefungwa pete tumboni. Maji hayapiti. Nilikuwa naona aibu kusema."

"Si kidole tumbo?" dada akashtuka.

"Si kidole tumbo, dada. Nilikudanganya. Niliwadanganya wote."

Nikamsogelea bibi, nikauchukua mkono wake nikauweka juu ya kitufe, pale kinapojitokeza chini ya gauni. Akakibonyeza. Akaurudisha mkono haraka, halafu akaupeleka tena akibonyeze vizuri.

"Subhanallah! Nani kakufunga?"

"Daktari."

"Ulimkosea nini?"

"Nilimwomba mwenyewe, mama. Na juzi nikamwomba akaze, ili gauni lifunge nije kwako nimependeza."

Nikaona mabega ya bibi yanaanza kutikisika, nikadhani analia. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka mtandio ukamwanguka, mama wa binti naye akashindwa kujizuia, na binti akakimbilia jikoni kaziba mdomo. Asiyecheka alikuwa dada peke yake. "Gauni ningelifumua nusu saa tu!" alikuwa anasema. "Nusu saa! Cherehani ninazo tatu!"

Bibi alipomaliza kujifuta machozi akaniuliza, "Sasa unaishije? Nini kinapita?"

"Vuguvugu, mama. Kwa kijiko cha chai."

Akaagiza mchaichai uchemshwe. Ulipokuja akauacha upoe, akachovya ncha ya kidole chake kidogo kuupima, akanipa kikombe na kijiko. "Kunywa," akasema. "Hatuna haraka."

Nikanywa mbele yao wote, kitu ambacho nilikuwa sijawahi kukifanya mbele ya mtu. Kijiko kimoja, nasubiri. Kijiko kingine, nasubiri. Hapakuwa na la kufanya kati ya kijiko na kijiko ila kuongea. Bibi akanihadithia alivyofiwa na mume akiwa na watoto wadogo, na alivyokuwa anakaa dukani mchana anacheka na wateja, jioni anajifungia. Nikamwambia na mie nilikuwa najifungia, na kwamba chapati zile nilikuwa nakula kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno. Sikuwahi kulisema hilo, hata kwa dada. Dada akanishika mkono. Kikombe kilifika chini adhana ya magharibi inaadhiniwa, na mwezi wa harusi ulikuwa umeshapangwa.

Tulipokuwa tunaaga, bibi akamwambia mjukuu wake, "Huyu ndiye mama mkwe wako. Usimharakishe."

Jumatatu yake daktari alinigombeza, na ilikuwa haki yangu. Akayatoa maji yale aliyoyaongeza na mengine kidogo. Tangu siku hiyo glasi ya maji nainywa kama mtu yeyote, mradi isiwe ya barafu, na kiungulia kimebaki cha kunikumbusha tu nikizidisha pilipili. Harusi imepita, gauni lilifumuliwa, mwanangu ananenepa vizuri.

Jumamosi nikiwa sina kazi nakwenda Temeke. Bibi siku hizi hatoki, macho yamepungua nguvu, lakini akisikia sauti yangu mlangoni anaita mchaichai na kijiko. Anaupima kwa kidole chake kidogo. "Kunywa mwanangu, hatuna haraka," ananiambia, na anaanza kunihadithia.

Dada ananiuliza kila mara nitamwambia bibi lini kwamba pete ilishalegezwa. Namjibu nitamwambia. Lakini kikombe kikiisha natakiwa kuaga, naye atabaki peke yake pale sebuleni. Kwa hiyo nachota kijiko, nasubiri, nachota kingine. Mpaka leo sijamwambia.