Jibu Lililokatwa

Shule niliiacha darasa la pili, nikaenda kubeba mawe kwa punda. Nyumba hii ya ghorofa hapa Amu niliijenga kwa mgongo wangu, na asiyeamini aje auone mgongo.

Binti yangu alipoolewa nilimpa ghorofa ya juu, ndiyo ada yetu: mume huhamia kwa mke. Mume katoka kijiji cha Mbwajumali, mpole, bubu mbele ya mamake. Miaka ikapita, mtoto hakuna.

Binti yangu ni mwalimu wa hesabu. Alasiri huwafundisha wasichana pale dakani, mlangoni mwetu, nami nyuma ya ukuta nasikia. Hesabu za eksi. Huyo eksi simjui, lakini makosa yao nayajua. Mabano mawili yakizidishwa yakatoa sifuri, lazima mojawapo ni sifuri. Wao huona yametoa sita, wakasema basi mojawapo ni sita. Wengine hugeuza kutoa kukawa kujumlisha. Linalomchosha binti yangu zaidi ni hili: eksi mara eksi ni sawa na tano mara eksi. Hukata eksi huku na huku, wakaandika tano, wakafunga daftari.

"Mwakata eksi bila kuiuliza kama ni sifuri," huwaambia. "Jibu moja mwalitupa."

Ramadhani ilipokwisha, mama wa mumewe alikuja na mwanawe, aliyekuwa amekwenda kwao kwa Idi. Mama kahawa hakuigusa. Alisema mwanawe amengoja vya kutosha, na shamba lisilootesha huachwa. Binti yangu alikuwa nyuma ya pazia. Yeye keshakwenda kwa daktari akaambiwa hana ila yoyote. Akamsihi mumewe naye aende, mume akawa wa kesho na kesho kutwa.

"Nawe Bwana, umepimwa?" nilimuuliza.

Mamake akamjibia. "Kwetu wanaume hawapimwi. Mimba hushikwa na nani?"

"Sikukuuliza wewe, Bi."

Nikamgeukia mume. Akatamka talaka, macho kwenye mkeka, kisha akapanda juu akateremka na godoro begani. Ndia ya kutokea ni dakani tu, na wasichana walikuwa washafika. Walikunja miguu, akapita.

Binti yangu akakaa eda. Wasichana waliacha karatasi zao mlangoni, mimi ndiye niliyezipandisha, na kila mara alitazama nyuma yangu kama kuna mtu. Mume angeweza kumrejea. Eda ikaisha, hakurejea. Alioa kwao. Huko nako mwaka umepita, mtoto hakuna, na mamake keshaanza kumsema yule wa pili.

Jana nilimkuta binti yangu kashika karatasi ya msichana mmoja, kalamu nyekundu hewani, haandiki. Nikachungulia. Tano, peke yake.

"Kasahau sifuri," nikasema, nikajiona msomi.

"Hakusahau, Baba. Hakuiuliza."

Kisha akampa nusu ya alama, kwa kuwa ile tano ni sahihi. Mimi nisingempa kitu.