Ubeti Nilioukata

Nimechoka kuletewa nyimbo za habaryar wangu. Alikuwa mdogo wake mama, ndiye aliyenilea, na enzi zake hapakuwa na harusi ya maana kati ya Habaswein na mpakani ambayo hakuitwa kuitungia buraanbur, ule utenzi wa wanawake unaoimbwa kwa ngoma na makofi. Sasa ni marehemu, Mungu amrehemu, na kila anayejua kubonyeza kinanda amejifanya mrithi wake. Simu yangu inalia kabla sijamaliza chai ya asubuhi. "Eeddo, sikiliza hii. Tumepatia?"

Wananiita eeddo, shangazi, hata wale ambao sijawahi kuwaona. Wananiuliza mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa hifadhi yake. Habaryar hakujua kuandika. Alitunga akikamua mbuzi, akaniimbia mara mbili, na mara ya tatu ilinibidi nimrudishie bila kosa. Kwetu anayeimba wimbo wa mwenzake ana masharti mawili: kwanza ataje ni wa nani, kisha asiongeze wala asipunguze hata neno. Ukikosea unakatizwa mbele ya watu. Nimewakatiza wengi. Nilifundisha Kiswahili katika shule ya msingi hapa Garissa hadi nikastaafu, na kalamu nyekundu sikuirudisha ofisini.

Basi nasikiliza. Kuna bwana mmoja huko ng'ambo anayeupigia gitaa wimbo wa ukame. Maneno yote yapo, ila sauti yake haina kiu. Kuna wasichana wa mtaa wa Islii, jijini, ambao spika zao hunguruma mpaka bibi harusi hasikii jina lake mwenyewe. Hao niliwapa alama kwa kumtaja mtunzi, basi. Niliyoipenda kuliko zote ilitoka kwa mtu ambaye hata lugha yetu haijui. Ni mwalimu mwenzangu, mama wa kanisani aliyehamishiwa kwetu kutoka Meru. Aliniomba nimfasirie wimbo huohuo wa ukame, akaufundisha kwaya ya shule kwa Kiswahili. Aliharibu mapigo, akaharibu mpangilio. Lakini wale watoto walipofika pale ngamia anapolamba ndoo tupu, nilikwenda stoo ya vitabu nikalia. Aliponiuliza nimeuonaje, nilimwambia makofi yamechelewa. Mpaka leo najuta kwamba sikumwambia ukweli.

Wimbo ninaoletewa zaidi, hata hivyo, ni ule wa harusi ya Diff, mji mdogo wa mpakani, wa mwisho aliotunga. Huo ndio unaonichosha. Wote wanauimba vilevile nilivyowafundisha, na mimi niliwafundisha ukiwa umepungua ubeti mmoja.

Mwaka ule mifugo ya habaryar ilikufa karibu yote. Alikuwa amehamia Diff, akanitumia salamu niende. Nikasema kuna mitihani. Akatuma tena, nikasema barabara ni mbaya. Mara ya tatu sikujibu. Nilipofika hatimaye ilikuwa kwa ajili ya harusi ya binti wa jamaa yetu, nami nimevaa nguo mpya na manukato. Habaryar aliimba, mimi nikapiga ngoma kama zamani. Katikati ya wimbo akanigeukia. Akaimba kwamba kuna binti aliyekuzwa kwa maziwa ya nyumba hii, na siku hizi njia ya nyumba hii anaikumbuka tu akisikia harufu ya pilau.

Wanawake walicheka. Niliweka ngoma chini, nikatoka kwenda kuangalia chai ambayo haikuhitaji kuangaliwa. Kesho yake nikapanda gari la kwanza bila kumuaga vizuri. Miezi michache baadaye tukaletewa habari kwamba ameshazikwa.

Watu walipoanza kuniomba wimbo wa Diff, niliwapa bila ubeti ule. Nilijiambia nasitiri familia. Uongo mtupu, nilikuwa najisitiri mwenyewe. Mimi niliyewaaibisha mabinti wa watu kwa neno moja nilikuwa nimemeza ubeti mzima, na kila wimbo ulioingia kwenye simu yangu, wa kinanda au wa ngoma, uliniletea shimo lilelile nililolichimba. Unachosha, wimbo wa namna hiyo.

Mwaka huu nikaalikwa harusi Hagadera, kwenye kambi ya wakimbizi. Tulikaa alasiri kwenye ua uliofunikwa turubai, joto limetushika, magoti yangu yakinilalamikia. Mwimbaji alikuwa binti wa miaka ishirini hivi, bila kinanda wala spika. Alimtaja habaryar kwa jina lake na la baba yake na la babu yake, kama inavyotakiwa, kisha akaanza wimbo wa Diff. Nilikuwa namsikiliza nusunusu, nikingoja pale pa kuruka. Alipofika hakuruka. Akauingia ubeti wangu.

Mama mmoja karibu na ngoma aliinua mkono. "Simama hapo! Huo haumo. Umeongeza."

"Sikuongeza," binti akajibu. "Ayeeyo wangu, bibi yangu aliyenilea, alikuwepo Diff. Alinipa kabla hajafa."

"Sisi wote tunaujua wimbo huu. Mwalimu si huyu hapa? Aseme yeye."

Wakanigeukia. Nilijua vizuri uzito wa jibu langu. Ningesema si wa habaryar, ubeti ungekufa palepale, na yule binti asingeitwa tena kuimba harusi yoyote, maana nani atamwita mwimbaji anayemsingizia marehemu maneno? Nani mwingine alikuwa amebaki wa kunibishia?

Ningependa kusema ni kumcha Mungu kulikonisaidia. Ni uchovu. Kubeba uongo ni kazi, na mimi nimeshastaafu.

"Ni wake," nikasema. "Na binti anayesemwa humo ni mimi. Niliukata mimi."

Yule mama wa ngoma alitazama chini, nadhani aliona haya kwa niaba yangu. Nikamwambia binti, "Endelea, walaal, ndugu yangu. Umepatia."

Akauimba, nami nikadhani ameumaliza. Mimi niliujua mpaka kwenye pilau, kwa sababu hapo ndipo nilipoinuka nikatoka. Lakini binti alivuta pumzi akaendelea na mistari miwili ambayo sikuwahi kuisikia maishani mwangu:

Msimzibie lango kwa miiba, birika liacheni motoni;
atakuja amechoka, na aliyechoka haulizwi alikokuwa.

Nililia mbele za watu, bila stoo ya kukimbilia. Miaka yote hiyo nilikuwa nimebeba nusu ya maneno yake, tena nusu ile iliyoniuma.

Nikajifuta machozi, nikamwomba binti aniimbie tena ubeti wote. Akaniimbia. Nikamwomba mara ya pili. Ya tatu nikamrudishia mimi, ngoma ikinisubiri, na karibu na mwisho nikakosea neno moja.

Alinikatiza mbele ya watu wote. Nikaanza tena.